Kuhama Kabla ya Mkataba Kuisha: Nyumba Mbovu, Notisi Sahihi na Amana Yako

Mabibi na mabwana, wapangaji wenzangu wa Nakuru, wazee wa Nyumba Kumi mlioketi mbele, nanyi mliosafiri kutoka Kisumu na Kakamega, hamjambo.

Mvua za masika zimeingia, na majira haya ndiyo watu huhama kwa hasira. Maji yanateremka ukutani, choo kinarudisha uchafu, mwenye nyumba hashiki simu. Usiku mmoja pikapu inaletwa, vyombo vinapakiwa, ufunguo unaachwa kwa jirani. Kukipambazuka mpangaji huyo amekwisha kupoteza amana yake, ile tunayoiita dipositi, na pengine anadaiwa kodi ya miezi iliyosalia, ijapokuwa nyumba ilikuwa mbovu kweli. Jambo hilo linaniuma, kwa sababu mara nyingi haki ilikuwa upande wake. Kilichomwangusha ni mpangilio: alianza na gari akamalizia na maelezo, badala ya kuanza na maandishi na kumalizia na gari.

Tuanze na swali ambalo watu hulipita mbio. Ni ubovu gani unaokupa haki ya kuvunja mkataba, na ni upi unaokupa haki ya kulalamika tu?

Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 65, inaweka ndani ya mkataba wa kupanga ahadi ambazo mwenye nyumba anahesabiwa kuwa amezitoa, hata kama karatasi mliyotia sahihi haina neno moja kuhusu ukarabati. Ahadi mbili ndizo zetu leo. Ya kwanza, nyumba, fleti au chumba cha kuishi kiwe kinafaa kukaliwa na binadamu siku unapoingia, na kiendelee kufaa muda wote wa upangaji. Ya pili, pale unapopanga sehemu tu ya jengo, mwenye jengo ndiye wa kutunza paa, kuta za nje na kuta kuu, mifereji mikuu, ngazi, korido na kila kinachotumiwa kwa pamoja. Katiba nayo, ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya makao ya kutosha, usafi wa kuridhisha, na maji safi na salama ya kutosha. Lakini mkiwa mbele ya mwenye nyumba au hakimu, shikeni zaidi kifungu cha 65, kwa sababu hicho kinazungumza moja kwa moja juu ya mkataba wenu.

Maneno ya kukariri ni hayo: kufaa kukaliwa na binadamu. Rangi iliyochubuka haifanyi nyumba isifae. Kabati lisilofungika, kigae kilichopasuka, bomba la sinki linalodondoka, hayo ni ya kurekebishwa, na ukivunja mkataba kwa ajili yake utalipia. Maji taka yanayoibuka sakafuni, nyaya zinazopiga watu, paa linalolowesha kitanda, ukuta unaohama mahali pake, kukosa maji kwa wiki na wiki katika nyumba uliyoahidiwa maji: hapo ndipo tunapozungumza juu ya nyumba isiyofaa. Katikati ya makundi hayo mawili kuna unyevu, na nitakaa hapo kidogo kwa sababu ndio unaozua ubishi kuliko kitu kingine chochote.

Ukimwonyesha mwenye nyumba ukuta mweusi wa kuvu, jibu lake huwa lile lile: wewe ndiye unayepika madirisha yakiwa yamefungwa, wewe ndiye unayeanika nguo ndani. Wakati mwingine anasema kweli. Kwa hiyo jua chanzo kabla hujaandika barua. Chukua kipande cha nailoni angavu, sentimita 40 kwa 40, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne pasibaki upenyo, ukiache saa 48. Kama matone yametanda upande wa nje, yaani upande wa chumba, unyevu unatoka hewani: mvuke wa jikoni, wa bafu, pumzi za watu wanne waliolala chumba kimoja kisichopitisha hewa. Kama nailoni imelowa upande wa ndani, uliogusa ukuta, maji yanatoka ukutani, na hapo hoja ya sufuria zako imekwisha.

Sasa tazama umbo la doa. Unyevu unaopanda kutoka ardhini huanzia chini na mara nyingi hukoma kwenye kimo cha mita moja hivi, ukiacha mstari wa chumvi nyeupe kama unga na plasta inayopukutika ukiigusa. Sababu yake ni kwamba ile nailoni nzito inayopaswa kulazwa kati ya msingi na ukuta haikuwekwa, au iliwekwa ikatoboka, au baadaye watu walijaza udongo na saruji nje ya nyumba hadi vikapita kimo chake. Kupaka rangi juu yake ni kazi bure. Msimu mmoja tu inavimba na kubanduka. Doa linaloanzia darini na kupanuka baada ya kila mvua ni la paa au gata. Doa la darini lisilojali mvua wala jua, hasa chini ya bafu la jirani wa juu, ni bomba au sakafu ya bafu iliyovuja kupitia slabu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa ya juu. Mwombe jirani asilitumie bafu hilo siku moja, uone kama doa linapungua. Ukiandika kwenye barua kwamba ukuta wa chumba cha kulala umelowa hadi sentimita 90 kutoka sakafuni na una chumvi, na jaribio la nailoni limeonyesha maji yanatoka ukutani, hiyo ni barua nyingine kabisa, si ya mtu aliyeandika tu kwamba nyumba ina maji maji.

Nyufa zina kanuni yake. Ninyi wa Kisumu mnaujua ule udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi. Nyumba iliyojengewa msingi mfupi juu yake hupasuka kila mwaka. Ufa mwembamba wa plasta si hoja. Ufa unaokatiza kwa mshazari kutoka pembe ya dirisha au mlango, unaopita milimita 5, huku mlango umeanza kukwama kwenye fremu, huo unahitaji mhandisi. Weka alama ya penseli kwenye ncha zote mbili, andika tarehe kando yake ukutani, upige picha ukiwa umeweka rula. Rudia kila Jumapili. Ufa unaotembea unajieleza wenyewe.

Kuhusu stima, mipaka ni hii: Kenya Power inashughulika na laini yake hadi mita, nyaya za ndani ya jengo ni za mwenye nyumba. Kosa tunalolikuta mara nyingi ni shawa ya stima iliyoungwa kwenye waya mwembamba wa milimita za mraba 1.5, ule wa taa. Shawa moja huvuta kilowati 3.5 hadi 5 na zaidi, na waya ule unapata moto hadi plastiki yake inayeyuka. Inastahili waya wake peke yake, wa milimita za mraba 4 au 6, breka yake, na waya wa ardhi uliofika ardhini kweli, si uliokatwa na kuachwa ndani ya boksi. Maji ya shawa yakikutekenya mkononi, hiyo ni dalili ya mauti. Zima breka, usioge hapo tena, mwite fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati na petroli, na umwombe akuandikie ripoti ya nusu ukurasa yenye nambari ya leseni yake. Nusu ukurasa huo una uzito kuliko picha kumi za simu.

Maji taka. Vyumba vya chini ndivyo huumia, kwa sababu mfumo ukijaa uchafu hutokea kwenye tundu lililo chini kuliko yote. Sababu moja ya kawaida ni gata za paa zilizoelekezwa kwenye mfereji wa maji taka. Mvua ikinyesha nusu saa mfereji unazidiwa. Sababu nyingine, hasa sehemu za tambarare za Kisumu kama Nyalenda na Manyatta, ni kwamba maji ya ardhini yako juu, hivyo shimo la kunyonya la tangi la septiki halina pa kupeleka maji. Kulinyonya kwa lori kunaleta nafuu ya siku chache tu. Andika kila mara lilipofurika, na saa. Na kwa upande wa maji ya bomba, weka daftari: siku ambazo hayakutoka, mitungi ya lita 20 uliyonunua, bei ya kila mmoja. Uliza pia kama mgao ni wa kampuni ya maji kwa mtaa mzima, au ni ploti yenu, yaani jengo lenu la vyumba vya kupanga, peke yake iliyokatiwa kwa sababu bili haikulipwa. Tofauti hiyo ndiyo itakayoamua kama ni kosa la mwenye nyumba.

Kunguni na panya nitawapita haraka. Kuthibitisha nani aliwaleta ni kazi ngumu, isipokuwa vyumba kadhaa vya ploti vinaumwa kwa pamoja. Basi andikeni barua moja, mtie sahihi wote.

Sasa twende kwenye karatasi.

Kabla ya barua yoyote, usome mkataba wako. Tafuta vitu vitatu: muda, kipengele cha kuvunja mapema, na siku za notisi. Wengi wenu mnadhani mmefungwa kumbe hamjafungwa. Kama mlikubaliana kwa mdomo, au karatasi haitaji muda wala notisi, kifungu cha 57 cha Sheria hiyo hiyo ya Ardhi kinauhesabu upangaji wako kuwa wa kipindi cha kulipia kodi. Unalipa kila mwezi, basi ni wa mwezi kwa mwezi, na unaweza kuumaliza kwa notisi isiyopungua mwezi mmoja inayoishia siku ya kulipa kodi. Angalieni hesabu hapo, maana ndipo watu huteleza. Kodi yako ni tarehe 5. Umetoa notisi tarehe 20 Aprili. Mwezi mmoja unatimia 20 Mei, lakini hiyo si siku ya kodi. Notisi yako inaishia 5 Juni. Ungeitoa kabla ya 5 Aprili ingeishia 5 Mei. Siku kumi na tano za kuchelewa zimekugharimu kodi ya mwezi mzima. Na yule aliyetia sahihi mkataba wa mwaka mmoja, mwaka ukaisha, hakuna aliyeandika mpya, na mwenye nyumba ameendelea kupokea kodi kwa miezi miwili: naye sasa ni mpangaji wa mwezi kwa mwezi, isipokuwa walikubaliana vingine. Ninyi wa namna hiyo hamhitaji kuthibitisha ubovu wowote. Toeni notisi tu.

Aliyefungwa hasa ni yule aliye ndani ya muda: mkataba wa mwaka mmoja au miwili, umebakiwa na miezi minane, na hakuna kipengele cha kuvunja. Huyu ndiye anayehitaji ushahidi wote nilioutaja, na hatua zake ni lazima zifuatane.

Barua ya kwanza si ya kuhama. Ni ya kutaka ukarabati. Iwe fupi, kwa mfano hivi:

"Mimi ni mpangaji wa nyumba B7. Tangu tarehe 3 Machi maji taka yamefurika bafuni mara nne, tarehe 3, 9, 17 na 22, kutoka mfereji mkuu wa jengo. Picha zimeambatishwa. Nilikueleza kwa simu tarehe 4 na kwa ujumbe tarehe 10. Kwa mujibu wa kifungu cha 65 cha Sheria ya Ardhi, nyumba inapaswa kufaa kukaliwa na binadamu, na mifereji mikuu ni jukumu lako. Naomba irekebishwe ndani ya siku 7 tangu upokee barua hii. Isiporekebishwa, nitahesabu kwamba umevunja mkataba, nami nitachukua hatua za kuumaliza na kudai amana yangu. Kodi yangu imelipwa hadi tarehe 5 Aprili."

Hakuna tusi humo, hakuna kisa cha watoto kuugua kama huna karatasi ya daktari. Sheria haikuweka siku maalumu za kila ukarabati, bali muda wa kiasi. Sisi tunapendekeza hivi: stima inayopiga watu, saa 24, maji taka, siku 3 hadi 7, paa na mabomba, siku 14, unyevu wa msingi na nyufa, siku 30, maana hiyo ni kazi ya kuvunja na kujenga, na ukitoa siku tatu utaonekana mtu asiye na nia njema.

Toa nakala mbili. Moja abaki nayo mwenye nyumba au ajenti wake, nyingine aiandikie "nimepokea", jina, tarehe na sahihi. Msimamizi wa ploti anaweza kupokea kama ndiye anayepokea barua zake siku zote. Akikataa kutia sahihi, itume kwa Posta kama barua ya rejista, uhifadhi risiti, kisha upige picha barua hiyo na kuituma kwa WhatsApp kwenye nambari mnayowasiliana nayo kila siku. Usifute mazungumzo, na picha zibaki kwenye simu iliyozipiga; ikifika mahakamani unaweza kuulizwa zilipigwa na kifaa gani na lini.

Siku hiyo hiyo uliyotoa barua, nenda kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti ndogo yako. Hapa mjini ni Nakuru Mashariki au Magharibi, kutegemea unakoishi. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inahesabu kuwa kero nyumba iliyo katika hali ya kudhuru afya, na afisa ana uwezo wa kuja kukagua na kumpa mwenye nyumba notisi ya kuiondoa kero hiyo ndani ya muda atakaoutaja. Mwenye nyumba akiipuuza anaweza kushtakiwa. Omba nakala ya notisi au angalau nambari ya faili na tarehe ya ukaguzi. Wapangaji wengi huiruka hatua hii kwa kudhani ni ya kupoteza muda. Nasema kwa uhakika kwamba hakuna ushahidi mwingine mnaoweza kuupata kwa gharama ndogo hivyo wenye nguvu kama huo, maana umetoka kwa mtu asiye upande wenu wala upande wa mwenye nyumba.

Katika kipindi hiki chote, lipa kodi. Najua wengine hamtaki kusikia hivyo. Kugoma kulipa kunaonekana kuwa haki tupu: hatengenezi, silipi. Lakini Sheria ya kukamata mali kwa ajili ya kodi, Sura ya 293, inampa mwenye nyumba anayedai kodi njia ya kutuma dalali mwenye leseni kukamata vyombo vyako, na ukisimama mahakamani mdaiwa ni wewe, ilhali ulikuwa mdai. Vivyo hivyo usiseme "nitakalia dipositi", yaani amana igeuzwe kodi, bila yeye kukubali kwa maandishi, na usifanye ukarabati mwenyewe ukakata kwenye kodi bila kibali cha maandishi chenye kiasi. Lipa kwa M-Pesa au benki, usilipe taslimu, ili taarifa ya akaunti ikusemee.

Yako mazingira ambapo sheria yenyewe inasimamisha kodi. Nyumba ikiharibiwa na mafuriko, moto, dhoruba au janga jingine lisilo la uzembe wako, hata isikalike yote au sehemu yake, kodi au sehemu yake ya haki inasimama mpaka nyumba irudishwe katika hali ya kufaa. Ikipita miezi 6 bila kutengenezwa, unaweza kuumaliza mkataba kwa notisi ya mwezi mmoja. Waliofikiwa na maji ya Ziwa Nakuru upande wa Mwariki, na wale wa Nyamasaria ambao mto huwaingilia ndani, wakishike kipengele hiki, kiko kwenye kifungu hicho hicho cha 65. Lakini hata hapo andika barua ya kusema unasimamisha kodi tangu tarehe fulani kwa sababu fulani. Usinyamaze tu.

Muda uliotoa umeisha na hakuna kilichofanyika, au fundi amekuja akapaka rangi juu ya unyevu. Sasa unaandika barua ya pili, na hii ndiyo ya kuumaliza mkataba. Itaje barua ya kwanza na tarehe yake, ukaguzi wa afisa wa afya, mambo ambayo hayajafanyika, kisha iseme wazi: nauhesabu mkataba umevunjwa na upande wako, nitakabidhi nyumba tarehe fulani, naomba tukague pamoja siku hiyo saa nne asubuhi, na amana irudishwe ndani ya siku 14. Hata kama sababu yako ni nzito, toa siku 30 pale ambapo usalama unaruhusu; anayetoa muda huonekana mtu wa kuaminika. Ila hatari ya maisha haingojei siku 30. Mhandisi akisema slabu inaweza kuanguka, toka leo, barua ifuate kesho.

Na kosa moja linawaangusha hata wale waliofanya yote haya: wanasema nyumba haikaliki, halafu wanaikalia miezi mitano mingine bila neno. Mahakama itauliza swali la wazi kabisa, kama haikukalika, wewe ulikaaje? Ukishaandika barua ya pili, hama siku uliyoitaja.

Kabla ya kufika huko, jaribu mapatano. Wenye nyumba wengi wa hapa si matajiri. Ana ploti moja ya vyumba kumi na mkopo wa Sacco juu yake, na anachoogopa ni chumba kukaa kitupu. Mwambie: nitakutafutia mpangaji, nitaruhusu watu waje kukitazama, nawe unirudishie amana na kuniachilia miezi iliyosalia. Akikubali, andikeni ukurasa mmoja: mkataba umekwisha kwa ridhaa ya wote wawili tarehe hii, hakuna anayemdai mwenzake kodi ya baada ya hapo, amana kiasi hiki italipwa tarehe hii. Sahihi mbili na shahidi mmoja, pengine mzee wa Nyumba Kumi. Ukurasa huo unakuepusha na kila kitu ninachokwenda kusema sasa. Lakini usimfiche mpangaji mpya ubovu ulioukimbia. Hilo ni dhuluma kwa mwenzako.

Siku ya kukabidhi. Ploti nyingi hazitoi gari langoni bila barua ya ruhusa kutoka kwa ajenti au msimamizi, kwa hiyo iombe siku tatu mapema. Toa vyombo kwanza, fagia, halafu ukaguzi ufanywe chumba kikiwa kitupu. Piga video moja isiyokatika, uanzie mlangoni, uingie kila chumba, ufungue kila bomba, uwashe kila taa, umalizie kwenye mita ya maji na ya stima namba zikisomeka. Ufunguo usiuache kwa jirani. Ukabidhi kwa mkono na uandikishe: funguo ngapi, tarehe, saa. Siku ufunguo unapopokewa ndiyo siku utakayoonyesha kwamba nyumba imerudi mikononi mwake. Akikataa kuupokea, mtumie ujumbe mbele ya shahidi kueleza ufunguo uko wapi.

Amana inaliwa kwa njia moja hasa: rangi. Unadai 15,000, unaambiwa rangi ni 6,000, usafi 2,000, kitasa 1,500, unapewa 5,500. Kumbuka kwamba mpangaji hawajibiki kwa uchakavu wa kawaida wa matumizi. Kama mkataba wako umeandika kwamba rangi ni juu yako, utalipia rangi. Kama haukuandika, omba orodha yenye risiti, na ukatae kwa maandishi kila kilichoharibiwa na ubovu wenyewe, kwa mfano rangi iliyobanduka kwa unyevu uliouripoti Machi.

Akikaa na pesa zako baada ya siku 14, andika barua ya mwisho ya madai ya siku 7, kisha nenda Mahakama ya Madai Madogo. Iko Nakuru na iko Kisumu. Inashughulikia madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, sheria inataka kesi imalizwe ndani ya siku 60 tangu iwasilishwe, unaweza kujitetea bila wakili, na haifungwi na kanuni kali za ushahidi. Dai lako liandike kama pesa zako zilizo mikononi mwa mtu mwingine: kiasi, tarehe ulipolipa, tarehe ulipokabidhi nyumba, barua zote nyuma yake. Usichanganye na ugomvi wa nani ana haki ya kukaa ndani ya nyumba. Mgogoro wa kumiliki au kukalia ardhi hauko katika mamlaka yake, na kuuingiza ni kumpa mwenye nyumba mlango wa kulifanya dai lako litupwe.

Wanaolipa kodi isiyozidi 2,500 kwa mwezi, na bado wapo, wana Jopo la Kudhibiti Kodi za nyumba chini ya sheria ya Sura ya 296. Waliopanga maduka na vibanda wako chini ya sheria nyingine, Sura ya 301, ambako hata notisi ni ya miezi miwili. Yao yana taratibu nyingine kabisa na leo siyagusi.

Mwisho, kuhusu kufungiwa mlango. Mwenye nyumba hana ruhusa ya kukufungia kwa kufuli lake, kung'oa mabati, wala kukukatia stima ili utoke. Kukutoa ni kwa amri ya mahakama. Likitokea, ripoti polisi upate nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, piga picha kufuli, na uongeze karatasi hiyo kwenye faili yako. Msilivunje kufuli hilo wenyewe.

Pale mlangoni kuna meza mbili. Kwenye ya kwanza kuna nakala za barua zote mbili nilizozieleza, chukueni. Kwenye ya pili wameketi wenzangu wanaosoma mikataba. Aliyekuja na wake aanzie hapo, na aliye na hatari ya stima au ya slabu asingoje zamu, aje mbele sasa hivi.